Safari ya wodini huanza miaka mingi kabla ya mlango wa mapokezi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakuu wa idara, madaktari na wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanafunzi, na nyote mlioacha kazi zenu kuja kunisikiliza, ahsanteni sana.

Nimeombwa nizungumzie kulazwa kunakoepukika. Humu wamo watu wa fedha na mipango, kwa hiyo niweke wazi kwanza tunachokizungumzia. Kuna maradhi ambayo yakishughulikiwa mapema na vizuri katika zahanati au kliniki, mgonjwa hafiki wodini, au hufika kwa nadra sana. Pumu ni mojawapo. Kisukari, shinikizo la damu, moyo unaoshindwa kusukuma damu, kifafa, mtoto anayeharisha hadi kuishiwa maji, kidonda kilichoachwa kikaoza, na maradhi yote yenye chanjo. Mtu akilazwa kwa haya, haina maana kwamba daktari wa zamu alikosea kumlaza. Saa ile kitanda ndicho alichohitaji. Ila huko nyuma palikuwa na nafasi ya kulizuia jambo, ikapita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, John Billings na wenzake walichukua takwimu za hospitali za New York wakazipanga kwa mitaa na vipato. Mitaa ya watu wa kipato cha chini ilikuwa inalaza watu kwa maradhi haya mara nyingi zaidi kuliko mitaa ya wenye nacho, na pengo lilikuwa kubwa mno. Tangu hapo kipimo hiki kimeenea katika nchi nyingi. Wizara hukitumia kuuliza swali moja: je, huduma ya msingi inafanya kazi?

Kipimo ni kizuri. Taabu iko katika namna tunavyokisoma. Idadi ikipanda, tunamtafuta mwenye kosa aliye karibu, ama zahanati imezembea, ama mgonjwa ni mkaidi. Tunaangalia mwezi uliopita, tukijitahidi sana tunaangalia mwaka. Mimi nimekuja kudai kwamba sehemu kubwa ya kulazwa huku hutengenezwa polepole kwa miaka ishirini, thelathini, hamsini, na kwamba urefu wa muda ambao mtu amekaa ndani ya dhiki una uzito wake wenyewe, mbali na kiasi cha fedha alicho nacho mfukoni leo.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu ulihesabu jambo ambalo sisi hatulihesabu. Huko Alameda, California, watu wazima waliulizwa kipato chao mwaka 1965, wakaulizwa tena 1974 na 1983, kisha mwaka 1994 wakaangaliwa wanavyojimudu katika mambo ya kila siku kama kuoga, kuvaa, kupika na kutembea. John Lynch na wenzake, waliochapisha matokeo mwaka 1997, hawakutosheka kuuliza nani ni maskini. Waliuliza, huyu amekutwa katika hali ngumu mara ngapi? Hakuna hata mara moja, mara moja, mbili, au zote tatu? Kadiri mara zilivyoongezeka ndivyo mwili na akili vilivyozidi kudhoofika. Waliokutwa na dhiki mara zote tatu walikuwa na uwezekano zaidi ya mara tatu wa kushindwa shughuli hizo za kawaida, wakilinganishwa na ambao hawakukutwa nayo kabisa. Najua tayari kuna mtu pale nyuma anasema moyoni: pengine ugonjwa ndio uliowafukarisha. Watafiti walilichunguza hilo pia, na ushahidi wa mwelekeo huo ulikuwa mdogo.

Haba na haba hujaza kibaba, tunasema tukimsifu anayeweka akiba. Dhiki nayo hujaza kibaba chake hivyo hivyo, na mwili ndio unaotunza hesabu.

Hesabu hiyo hufunguliwa mapema kuliko tunavyofikiri. Uholanzi ilikumbwa na njaa kali katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita. Watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati ule walipopimwa wakiwa na umri wa karibu miaka hamsini, miili yao ilishughulikia sukari vibaya zaidi kuliko ya wenzao waliozaliwa kabla ya njaa au waliotungwa mimba baada yake. Uingereza nayo ilianza kuwafuatilia watoto waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1946, na bado inawafuatilia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba waliopata maambukizi ya mapafu kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa na hatari karibu maradufu ya kufa mapema kwa maradhi ya njia ya hewa walipokuwa watu wazima. Uvutaji sigara ulizingatiwa katika hesabu, na hali ya nyumba walizokulia ilizingatiwa, lakini hatari ilibaki pale pale.

Tafakarini hilo kidogo. Mzee wa miaka 68 anafika mapokezi anahema, midomo imebadilika rangi, tunamwekea oksijeni. Katika faili tunaandika maradhi sugu ya mapafu, mvutaji sigara wa zamani, amechelewa kuja. Yote ni kweli. Ila hakuna mstari katika faili lile unaouliza alilala chumba gani akiwa na umri wa miezi kumi, na watu wangapi, ukuta ukiwa na unyevu kiasi gani, jiko likitolea wapi moshi wake. Mapafu yake yalianza safari yakiwa na upungufu. Kisha ikaja kazi ya vumbi akiwa kijana, maana kwa elimu aliyoipata ndiyo kazi iliyokuwepo. Kisha sigara, ambayo katika kazi ile ndiyo ilikuwa pumziko pekee lililoruhusiwa. Sisi tumekutana naye mwishoni kabisa, tukadhani ndio mwanzo.

Nizungumze sasa na wauguzi, kwa sababu ninyi ndio mnaoyaona haya kwa karibu. Chukueni kisukari kinachohitaji insulini. Kwenye karatasi ni jambo jepesi: sindano kwa wakati, chakula kwa wakati, pima sukari, rudi kliniki tarehe fulani. Sasa mpeni maelekezo hayo mtu anayelipwa kwa siku. Chupa inatakiwa ikae mahali pa baridi, naye hana jokofu. Vipande vya kupimia sukari vimekwisha, kwa hiyo anakisia. Chakula kinapatikana jioni tu, na anajua kwa uzoefu kwamba akichoma dozi kamili asubuhi tumbo likiwa tupu, atatetemeka, atatoka jasho, pengine ataanguka kazini na kazi itakwenda. Basi anapunguza dozi. Anaipunguza pia ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Huyo si mjinga. Amepiga hesabu kwa makini kuliko wengi wetu humu, na kwa vigezo alivyo navyo, hesabu yake ni sahihi.

Kisha anapata homa au kidonda kidogo. Sukari inapanda. Anakunywa maji hayatoshi, anakojoa usiku kucha, anaanza kutapika, pumzi inakuwa nzito na ya haraka, mdomo unatoa harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Analetwa usiku. Mnamtundikia dripu, insulini, mnafuatilia potasiamu, hamlali. Siku chache baadaye anasimama, anatabasamu, anaruhusiwa. Anapewa karatasi yenye maelekezo yale yale yaliyomshinda, na juu ya faili kuna maneno manne ambayo nimeyasoma mara nyingi mno: “hakufuata masharti ya dawa.”

Maneno hayo yanamfuata. Atakayemwona safari ijayo atayasoma kabla hajamtazama usoni.

Tuna msemo tunaupenda: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunautumia kana kwamba kuchelewa ni tabia ya mtu. Lakini anayechelewa mara nyingi hajaficha chochote. Alikwenda. Alikwenda akiwa kijana akaambiwa njoo kesho. Alikwenda na mtoto akagombezwa mbele ya watu kwa kusahau kadi. Alikwenda na mama yake, wakakaa kwenye benchi tangu alfajiri, dawa zikawa hazipo. Mtu aliyejifunza kwa miaka thelathini kwamba kwenda kliniki ni kupoteza ujira wa siku na kurudi mikono mitupu, hasubiri kwa sababu ya ujinga. Anasubiri hadi ugonjwa uwe mkubwa kiasi kwamba hakuna atakayemrudisha. Na ukiwa mkubwa kiasi hicho, zahanati haiwezi tena. Ni wodi. Ndipo nasema dhiki ya muda mrefu haiharibu mapafu na kongosho peke yake. Inamfundisha mtu njia ya kuitumia hospitali, na njia hiyo ndiyo sisi tunaiita matumizi mabaya ya huduma.

Bila shaka kuna atakayesema: ondoeni ada, jengeni zahanati, mambo yataisha. Ada ziondolewe, nakubali kabisa. Lakini Uingereza iliondoa malipo mwaka 1948, na mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari aliyekuwa akitibu familia za wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika kwamba huduma nzuri hupatikana kwa urahisi kinyume na mahitaji: penye wagonjwa wengi ndipo penye uhaba, na penye wazima ndipo penye nafasi. Akaeleza kwamba hali hii huwa mbaya zaidi pale soko linapoachiwa liamue. Miaka hamsini na zaidi baadaye, sijaona mtu aliyefanikiwa kumpinga.

Kisha kuna ule uchunguzi wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 kwa watumishi wanaume wa serikali wapatao 18,000 jijini London. Hakuna fukara pale. Wote wana ajira ya kudumu, wote wana haki ya matibabu. Lakini wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango cha takribani mara tatu ya wakubwa wao. Sigara, presha na lehemu (kolesteroli) ya damu zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Michael Marmot, aliyeufanyia kazi uchunguzi huo kwa miaka mingi na baadaye akaongoza tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotoa ripoti yake mwaka 2008, amekuwa akisisitiza kwamba tofauti hushuka ngazi kwa ngazi. Hakuna mstari mmoja ambao chini yake watu wanaugua na juu yake wako salama. Kwa wapanga mipango hili linaumiza kichwa, najua, kwa sababu ni rahisi kuwalenga “walio maskini kabisa” kuliko kukiri kwamba ngazi nzima imepinda.

Mheshimiwa Mwenyekiti, niruhusu nikae kidogo kwenye mfano mmoja usiopendeza, kwa kuwa katika mikutano kama hii tumezoea kuleta miradi iliyofaulu tu.

Mji wa Camden, jimbo la New Jersey nchini Marekani, ulipata sifa kubwa. Daktari Jeffrey Brenner aligundua kwamba wagonjwa wachache wanatumia sehemu kubwa sana ya huduma za hospitali, wanalazwa, wanatoka, wanalazwa tena. Akaunda timu ya wauguzi, maafisa ustawi wa jamii na wahudumu wa jamii. Mgonjwa akiruhusiwa, timu inamfuata nyumbani, inapanga dawa zake, inamsindikiza kliniki, inamsaidia kuomba misaada anayostahili. Kulazwa kukapungua sana. Magazeti yakaandika, miji mingine ikaiga. Kisha wakafanya jambo la kiungwana ambalo wengi hulikwepa: wakakubali mpango wao upimwe kwa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Wagonjwa 800, nusu wapate timu, nusu wapate huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Ndani ya siku 180, waliorudi kulazwa walikuwa takribani asilimia 62 katika kundi moja, na takribani asilimia 62 katika kundi la pili.

Hakuna tofauti. Waliopewa timu walipungua kulazwa, na wasiopewa wakapungua vile vile, kwa sababu ukiwachagua watu wakati hali yao iko mbaya kabisa, wengi watapata nafuu hata usipowagusa. Hilo ni somo kwa kila mwenye kuleta hapa grafu ya “kabla na baada” bila kundi la kulinganisha, na grafu hizo tunazo nyingi.

Wapo waliosema, basi, mambo ya kijamii hayahusiani na hospitali, turudi kwenye dawa. Mimi nasoma tofauti. Wale walikuwa watu wenye maradhi kadhaa kwa pamoja, wengine bila makazi ya uhakika, wengine na ulevi au uraibu wa miaka mingi. Timu ilikaa nao miezi michache. Ilimshika mtu mkono kumpeleka kwenye mlango, na nyuma ya mlango mara nyingi hapakuwa na nyumba ya kumpa wala nafasi ya matibabu ya uraibu. Jambo lililojengwa kwa miaka arobaini halibomolewi kwa robo mwaka ya ziara za nyumbani, hata ziara hizo ziwe za upendo kiasi gani.

Kinachosogeza namba ni kile kinachokaa. Brazil ilianza mpango wake wa afya ya familia mwaka 1994: timu moja ya daktari, muuguzi na wahudumu wa jamii, inakabidhiwa kaya za eneo lake, inazijua kwa majina, inazitembelea mwezi baada ya mwezi bila kusubiri mtu augue. Kati ya 1999 na 2007, kulazwa kwa maradhi sugu yanayoweza kushughulikiwa kliniki kulipungua kwa kasi karibu mara mbili ya kulazwa kwa sababu nyingine. Angalieni tarehe hizo. Hakuna mfadhili wa miaka mitatu ambaye angeyaona matunda yote yale.

Na si lazima kinachokaa kiwe cha kitabibu. New Zealand walichukua kaya 1,350 zilizokuwa katika nyumba za zamani zenye baridi, ambamo angalau mtu mmoja alikuwa na tatizo la kifua, wakaweka vizuizi vya baridi darini na chini ya sakafu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2007: kifua kubana kulipungua, siku za kukosa shule na kazi zikapungua, safari za kwenda kwa daktari zikapungua kwa maelezo ya wenyewe. Mafundi ndio waliofanya tiba hiyo. Nikiwa na fungu dogo na wodi imejaa watoto wa pumu, ningefikiria sana kabla ya kununua vitanda vingine.

Lazima niseme pia jambo la hatari ya kipimo chenyewe, kabla hamjakwenda kukitumia. Idadi ndogo ya kulazwa kunakoepukika haimaanishi daima kwamba mambo ni mazuri. Anayefia nyumbani hahesabiwi wodini. Eneo ambalo hospitali iko mbali mno au inaogopwa mno litatoa takwimu safi kabisa. Kwa hiyo msimsifu mkuu wa eneo kwa idadi ndogo kabla hamjaiweka kando ya vifo vilivyotokea nyumbani. Upande wa pili, kuna kulazwa ambako katika vitabu kutaitwa “kunakoepukika”, ilhali muuguzi yeyote mwenye huruma angemlaza tena mgonjwa huyo kesho: bibi mwenye maambukizi ambayo yangetibika kwa vidonge, lakini anaishi peke yake, haoni vizuri, na hakuna wa kumpa maji. Ukimkataa kwa kutunza takwimu, umefanya kosa kubwa kuliko lile unalolipima. Na tukianza kuzikata fedha hospitali kwa sababu ya idadi hii, tutakuwa tunaziadhibu zile zinazowahudumia waliodhikika muda mrefu zaidi. Limeshajadiliwa sana hilo katika nchi zinazotoza hospitali faini kwa wagonjwa wanaorudi.

Sasa maombi yangu, na ni ya kawaida tu. Kwa wenye kuunda fomu na mifumo ya kumbukumbu: tunauliza kazi ya sasa na makazi ya sasa, basi. Ongezeni mambo mawili matatu yanayoshika muda. Alisoma hadi wapi. Amefanya kazi gani kwa muda mrefu zaidi maishani. Katika miaka iliyopita, amewahi kukosa chakula au mahali pa kulala, na ni jambo la mara moja au limejirudia. Dakika mbili zinatosha. Majibu hayo yaonekane kwa daktari anayeandika dawa, yasiishie kwa karani.

Kwa wenye kliniki: mgonjwa mwenye kisukari, presha na tatizo la macho asiitwe siku tatu tofauti za wiki kwa sababu sisi tumejigawa hivyo. Wenzetu wa huduma za VVU wameshatuonyesha kwamba mgonjwa aliye imara anaweza kupewa dawa za miezi mitatu hadi sita bila balaa kutokea, kwa hiyo sioni kwa nini wa presha apange foleni kila mwezi. Na mwenye kisukari anapoingia, avue viatu, miguu iangaliwe, hata kama foleni ni ndefu. Mguu usiohisi maumivu hauna mwingine wa kuusemea.

Kwa wenye mafungu: mhudumu wa afya ngazi ya jamii alipwe, na alipwe mwaka baada ya mwaka katika bajeti ya kawaida. Kumpa fulana, baiskeli na cheti, kisha kumwacha mradi ukiisha, kunawafundisha watu wa eneo lake lile lile walilokwisha kufundishwa na benchi la zahanati.

Na kwa sisi tunaoandika mafaili, naomba tulifute lile la “hakufuata masharti.” Badala yake tuandike kilichotokea: hakuwa na jokofu, alipunguza dozi, alikosa ruhusa kazini. Atakayelisoma faili lile baadaye atakuwa na la kufanya.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona mikono imeshaanza kunyanyuka. Tuanze na maswali ya wahudumu wa jamii, kisha wakuu wa idara watafuata.